Kumbe hata karata zinasaidia!

Leo nakupeleka kwa mjomba wangu, fundi cherehani, ambaye kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia.

Binamu yangu alileta habari kwamba huko ng'ambo wagonjwa kama mjomba wanachezeshwa michezo ya kwenye televisheni: wewe unapunga mkono, na mtu wa kwenye kioo anapiga tenisi. Basi bwana, tukachanga, tukanunua mashine iliyokwishatumika.

Siku ya tatu mjomba akaisusa. Vitufe ni vidogo, vidole havibani. Mchezo una mbio za vijana, na maelezo yote Kiingereza. Tena kila akikosea, kioo kinamzomea!

"Mpwa wangu," akaniambia, "ugonjwa peke yake unanitosha. Wa nini tena kuchekwa?"

Iliniuma, maana nilihisi tumepoteza dawa. Nikaanza kusoma. Kumbe madaktari walishalipima jambo hili! Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwachukua wagonjwa 141 wa Kanada, Argentina, Peru na Thailand, waliopatwa na kiharusi ndani ya miezi mitatu. Wote waliendelea na mazoezi ya kawaida ya hospitali. Nusu wakaongezewa michezo ya Nintendo Wii. Wengine wakapewa karata, bingo, mpira au Jenga, ule mchezo wa vipande vya mbao uliochukua jina kwenye Kiswahili chetu. Vipindi 10 vya saa moja, kwa wiki mbili.

Matokeo? Mikono ilipata nafuu pande zote mbili, na mashine haikuzishinda karata.

Hapo nikapumua. Nikamuuliza mtaalamu wake wa mazoezi ya viungo, akasema sawa, mradi mkono mgonjwa ndio ufanye kazi, na mazoezi ya hospitali yasiachwe.

Siku hizi jioni tunakaa barazani. Mkono wa kulia ndio unaotupa karata, hata zikidondoka tunaokota. Nisikudanganye, mkasi bado hajaushika. Lakini jana alinifunga mara tatu mfululizo, akanizomea yeye!

Kama kwako yupo mgonjwa wa namna hii, usikimbilie kukopa ununue mashine. Muulize kwanza mtaalamu wake, halafu muulize mgonjwa mwenyewe anapenda mchezo gani.

Na ile mashine yetu? Anaichezea binamu. Tukutane juma lijalo.