Gavana hashushi bei ya tokeni
Wasee, mgombea ugavana Nairobi akikuahidi tokeni za stima za bei rahisi, muulize: tangu lini kaunti ikapanga bei ya stima? Hiyo ni kazi ya EPRA, na EPRA ni ya serikali kuu. Katiba ya 2010 iliipa kaunti maji, maji taka na takataka. Basi tuwalinganishe hapo. Nani ana mpango wa mifereji iliyokauka, huku mtaani tunanunua maji kwa mtungi? Nani ana jibu la Dandora, jaa lililotangazwa kujaa tangu 2001? Akitoa mpango, tarehe na bajeti, msikize. Akileta fulana na mia mbili tu, mwambie apite. Fulana itachakaa kabla mfereji wako utoe maji.