KUPIGA RANDA BAADA YA ALASIRI: UPUUZI AU PUMZIKO?



Wiki hii nimeulizwa swali na ndugu yetu mmoja wa hapa msikitini. Ni mhasibu, mtu wa makamo. Amenunua msumeno, randa na patasi mbili, na kila akitoka kazini anakaa uani kwake anachonga mbao. Hauzi kitu wala hana mpango wa kuuza. Anasema moyo wake unatulia. Nduguze wanamcheka, na mmoja amemwambia kwa umri alio nao muda huo angeukalia tasbihi. Ananiuliza: "Sheikh, napoteza wakati?"

Nimemjibu hapana. Naliandika jibu hapa kwa urefu kwa sababu wenye swali hili ni wengi, ila wengine wanaona haya kuuliza.

Aliyemkemea ametumia hadithi ya Ibn Abbas iliyomo katika Bukhari, kwamba zipo neema mbili ambazo watu wengi wamepata hasara ndani yake: afya na faragha. Hadithi ni sahihi, lakini tuisome yote. Afya imetajwa pamoja na faragha. Mtu ambaye kichwa chake hakipumziki toka Alfajiri hadi usiku, analala na hesabu za ofisi na kuamka nazo, huyo anaichezea neema moja kwa kisingizio cha kuilinda nyingine. Na Hanzala (RA) alipokuja akilalamika kwamba akiwa mbele ya Mtume (SAW) moyo wake unakuwa juu, akirudi kwa mke na watoto anasahau mengi, hakuambiwa aiache nyumba yake. Alifahamishwa kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile. Hiyo ipo kwa Muslim.

Tena tuulizane ukweli. Hao wanaomcheka, saa hiyo ya jioni wao wapo kwenye tasbihi? Wengi wapo kwenye simu. Dole gumba linapandisha picha mpaka Magharibi inaadhiniwa, na ukimuuliza mtu ameona nini, hakumbuki. Yeye angalau anasimama na ubao ulionyooka.

Na kazi ya mbao si kazi ya kudharau. Nabii Zakariya (AS) alikuwa seremala, imekuja kwa Muslim kutoka kwa Abu Hurayra. Nabii Nuh (AS) aliamrishwa kuunda jahazi, na Qur'ani inalieleza kuwa ni la mbao na misumari. Mimbari ya Mtume (SAW) ilichongwa na kijana seremala wa mwanamke mmoja wa Kiansari, kwa mti wa mkwaju-jangwa waliouita tarfaa, kutoka mahali paitwapo Ghaba, na ilikuwa na ngazi tatu. Wanachuoni wametofautiana hata jina la kijana huyo. Jina limepotea kwa wengi, ngazi zake tatu tunazijua wote.

Sasa nije kwenye mbao zenyewe, maana wengi wanaoambiwa "tafuta kitu cha kutuliza akili" hawaelezwi kwa nini hiki kinatuliza.

Siri ipo kwenye kifaa cha mkono. Mashine inakula ubao utake usitake. Randa ya mkono haikubali. Mti una nyuzi, na nyuzi zina mwelekeo kama manyoya ya paka. Ukisukuma randa kufuata mwelekeo wake, maranda yanatoka marefu, membamba, yanajikunja, na ubao unabaki laini hata msasa hauuhitaji. Ukienda kinyume, unang'oka vipande na randa inarukaruka. Hapo huna budi kusimama, kuugeuza ubao, kuutazama ubavuni nyuzi zinapanda upande gani, halafu uanze tena. Mtu anayefanya hivyo hawezi wakati huohuo kuwaza deni. Si kwamba amelisahau, ila mikono na macho yamechukua nafasi yote.

Lakini hayo yote yanategemea makali, na hapa ndipo wanaoanza wanakata tamaa. Wananunua patasi dukani, wanaitumia kama ilivyo, inachubua mbao, wanasema hawana kipaji. Patasi mpya haijanolewa kwa kazi! Upande wake wa mgongo lazima usuguliwe kwenye kinoo mpaka ulale bapa kabisa karibu na ncha. Kisha ule upande wa mteremko unausugua kwa nyuzi 25 hadi 30, bila kuyumbisha mkono, mpaka ukipitisha kidole taratibu upande wa mgongo unahisi kijiukingo kidogo kimejikunja. Hicho ndicho dalili kwamba umefika kwenye makali. Unakiondoa kwa kulaza mgongo tena juu ya kinoo. Asiye na kinoo atumie kipande cha kioo kinene, abandike msasa wa maji, aanze na wa kukwaruza amalizie na laini. Na tuelewane: patasi butu ndiyo inayokata watu, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu na inateleza. Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali, na ubao ubanwe kwenye jiliwa au kwa kibanio, usishikwe kwa mkono mbele ya ncha.

Wengine wanaingia kwa pupa. Wametazama video za Wazungu na Wajapani, wanataka randa sita na misumeno minane kabla hawajakata hata ubao mmoja. Huo ni israfu, na mke akinung'unika ana haki. Msumeno, randa, patasi mbili, nyundo ya mti, skwea na kinoo vinatosha mwaka mzima. Vya mitumba vingi ni bora kuliko vipya vya bei rahisi, chuma chake ni cha zamani, kutu inasuguliwa ikaisha.

Mbao nazo, usianze na mninga. Ni ghali, na mwingine unaouzwa kwa bei ya ajabu umetoka msituni bila kibali, usijiingize huko. Anza na paini za mashamba ya kupandwa kama ya Sao Hill kule Mufindi, au masalia ya mafundi, au mlango wa zamani uliovunjwa. Ukipata mfenesi, shukuru. Unachongeka vizuri na rangi yake ya manjano inapendeza.

Cha kutengeneza? Mimi ninampendekezea kila mtu marufaa. Ile ya kale, ya ubao mmoja tu, bila msumari, bila gundi, bila bawaba ya chuma. Ubao nene wa sentimita 3 au 4 unapigwa mistari katikati, unagawanywa vidole vitano au saba. Kwa patasi unachonga kidole kimoja kutoka juu, kinachofuata kutoka chini, kwa zamu, mpaka nusu ya unene. Kisha unapasua unene wa ubao kwa msumeno kutoka kila mwisho mpaka ufike kwenye vidole. Ukimaliza, ubao mmoja unafunguka ukawa miguu miwili iliyopishana, na haitenganiki. Watoto wa madrasa wakiiona wanadhani ni kiinimacho. Usitegemee ya kwanza itafunguka. Ya pili itafunguka kwa kulia, ya tatu utaiweka sebuleni.

Anayetaka kunakshi, achore maua, mizabibu, minyororo, mawaridi, kama milango ya Lamu na Mji Mkongwe. Mtu aliyekuwa akila kwa kazi ya kuchora alipomwendea Ibn Abbas, alielekezwa kwenye miti na visivyo na roho. Uwanja huo ni mpana, mafundi wa pwani wameufanyia kazi miaka mingi hawajaumaliza.

Jambo lililoniudhi kidogo katika habari ya ndugu yetu ni wale waliomwambia, "Sasa si uuze?" Siku hizi mtu akipika vizuri, auze. Akishona, auze. Akipanda maua, auze. Kutafuta riziki ni ibada kwa nia njema, hilo hakuna anayelipinga. Lakini ukiyafanya mapumziko yako duka, utapata wateja, na mteja ana tarehe, na tarehe ndiyo uliyokuwa unaikimbia ofisini. Halafu mfikirie fundi wa Keko anayelisha watoto wanne kwa kitanda na kabati. Wewe una mshahara, unaweza kuuza kigoda kwa bei ya mbao tu kwa sababu unafurahia. Yeye hawezi. Toa zawadi, peleka msikitini, mpe mama mkwe kibao cha kukatia mboga.

Na huyo fundi mwendee ukajifunze. Usikae kibarazani kwake ukiuliza maswali kama vile muda wake ni bure. Mwambie, "Fundi, nifundishe saa mbili, ujira wako kiasi gani?" na umlipe kabla hujaondoka. Sisi ndio tuliomwambia mtoto asiyefaulu, "Basi kawe seremala," kama vile ni adhabu. Mtu mwenye shahada akimwinamia fundi aliyeishia darasa la saba amfundishe kushika msumeno, kijana anayefagia maranda pale kando anaona.

Jirani pia ana haki. Msumeno wa umeme saa moja usiku kwenye nyumba za kubanana ni dhulma. Randa haisikiki hata chumba cha pili, ila maranda yafagiwe, na unga wa msasa uvaliwe barakoa.

Wanaotaka kuanza, Jumamosi baada ya Alasiri tunakaa uani nyuma ya msikiti, chini ya mwembe. Njoo na patasi yako, hata kama ni butu. Kinoo kipo.

Wallahu aalam.