Mizani Kwanza, Mashine Baadaye

Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikipeleka mashine za kusafisha damu katika hospitali za mikoa, na huduma iliyokuwa ya Dar es Salaam peke yake imeanza kusogea bara. Mwaka 2017 Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza katika nchi yetu, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Kwa mwananchi wa Singida hili si jambo dogo. Mji wa Singida uko kilomita zipatazo 240 kutoka Dodoma, na mgonjwa ambaye figo zake zimekufa yampasa kusafishwa damu mara 3 kwa juma, saa 4 kila mara.

Twaipongeza kazi hiyo. Lakini tunaona hatari moja ambayo haisemwi vya kutosha. Mashine hukatiwa utepe na kupigwa picha. Mizani ya kupimia mgonjwa haikatiwi utepe na mtu yeyote, nayo ndiyo inayoiambia mashine la kufanya.

Na tueleze. Figo zilizokufa hutoa mkojo kidogo, au hazitoi kabisa. Maji anayoyanywa mgonjwa hubaki mwilini, yakavimbisha miguu na uso, yakapandisha shinikizo la damu, na mwisho yakaingia mapafuni mgonjwa akashindwa kulala chali. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Kwa hiyo mhudumu humpima mgonjwa kabla ya kumfunga katika mashine, akalinganisha na kile kinachoitwa uzito mkavu, yaani uzito wa mgonjwa asipokuwa na maji ya ziada. Tofauti yake ndiyo maji ya kutolewa.

Tuchukue mtu mwenye uzito mkavu wa kilo 60, ambaye mwili wake huongeza lita 1 kila siku. Akija baada ya siku 3 atakuwa na kilo 63. Lita 3 zikitolewa kwa saa 4, ni mililita 750 kwa saa, yaani mililita 12 na nusu kwa kila kilo ya mwili wake. Wataalamu wengi huonya kwamba kiasi hicho kisipite 13. Kikipita, damu hukosa muda wa kujazwa na maji yatokayo katika nyama. Shinikizo huanguka, misuli hukaza, na moyo huumia.

Hesabu hii mtoto wa shule aweza kuifanya. Ugumu uko kwingine: mizani haijui tofauti ya nyama na maji. Mgonjwa aliyepata chakula kizuri baada ya mavuno huongezeka nyama. Mhudumu asiyemtazama atadhani ni maji, naye atamkausha hata azimie. Mwingine amekonda katika miezi ya njaa, na maji yamechukua nafasi ya nyama iliyopotea. Mizani yasema hali ni njema, kumbe mapafu yanajaa. Ndiyo maana uzito mkavu hauandikwi mara moja ukaachwa katika faili. Daktari hana budi kuupitia tena na tena, na mhudumu ndiye jicho lake.

Jicho hilo lina kazi nyingi. Humwuliza mgonjwa alilala kwa mito mingapi, na kama alikazwa na misuli mara iliyopita. Hubonyeza miguu kuona kama kidole chaacha shimo. Hupima shinikizo la damu, mgonjwa akiwa amekaa na akiwa amesimama. Hupima joto la mwili, na kutazama mahali pa kuingizia sindano au mrija kama pana wekundu au usaha. Mashine ikiwa inazunguka, hupima shinikizo angalau kila nusu saa. Mgonjwa anayepiga miayo, kutoka jasho au kusikia kichefuchefu ameonya mapema: kazi ya kutoa maji husimamishwa, hulazwa miguu ikiwa juu, hurudishiwa maji ya chumvi kidogo, na daktari huitwa. Mhudumu mwenye wagonjwa wengi kupita kiasi hawezi kuyaona hayo, hata akiwa na moyo wa dhahabu.

Sasa tufike kwenye kiini. Mgonjwa yule wa kilo 60 akikosa fedha au nauli, huja mara 1 kwa juma. Atakuwa na lita 7. Zikitolewa kwa saa 4, ni mililita 29 kwa kila kilo kwa saa, zaidi ya mara mbili ya kiasi cha usalama. Zikiachwa, zitamzamisha. Hapo mhudumu bora kuliko wote hana jibu jema. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2011 ulionyesha kwamba vifo huongezeka hata baada ya pengo la siku 2 tu zisizo na huduma. Basi pengo la siku 6 tuliite jina gani?

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 TANU iliwatangazia vita maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Kando ya kitanda cha mgonjwa wa figo wote watatu wamekaa pamoja, na kumpiga mmoja tu hakutoshi.

Kwa hiyo twasema hivi. Kila mashine inayopelekwa mkoani ifuatane na wahudumu waliofundishwa barabara na wa kutosha, na mizani iliyo sahihi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023; bima isiyomfikisha mgonjwa kitandani mara 3 kwa juma haijamfikia. Viongozi wa matawi wawajue wagonjwa wa maeneo yao, tangu Iramba hadi Manyoni, na kuhimiza watu wapimwe kisukari na shinikizo la damu, maana hayo ndiyo yanayoua figo nyingi.

Nao wagonjwa na jamaa zao wana sehemu yao. Uji, togwa, mchuzi na mlenda vyote ni maji, na vihesabiwe. Chumvi ipunguzwe, kwani ndiyo inayoleta kiu.

Mhudumu anayepima kwa uaminifu anafanya kazi ya taifa. Tumpe nafasi ya kuifanya, na tumwezeshe mgonjwa kumfikia kwa wakati.