Mshono na Mzigo

Mvuta mkokoteni akipasuliwa ngiri, daktari humwonya asinyanyue kitu kizito kwa wiki kadhaa. Ila kwenye barabara ya River Road, Nairobi, hulipwa anayenyanyua. Mama aliyejifungua kwa upasuaji naye huambiwa asibebe kinachomzidi mtoto wake uzito, huku mtaani Kawangware mtungi wa lita 20 unamngoja. Mshono ukifumuka, watu husema: umri huo, au, wanawake ndivyo walivyo.

Sisemi mwili hauna neno. Kidonda cha mzee hukawia kufunga, hasa akiwa na kisukari, na wazee wengine wakizinduka kutoka nusukaputi huweweseka siku kadhaa, wasijue walipo. Wanawake husumbuliwa zaidi na kichefuchefu na kutapika baada ya nusukaputi kuliko wanaume. Ngiri ya kinena, kwa upande wake, huwapata zaidi wanaume.

Lakini umri ungekuwa ndio hakimu, Afrika tungeongoza kwa kupona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet ulifuata wagonjwa 11,422 waliopasuliwa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 38.5, na theluthi moja walikuwa akina mama waliopasuliwa ili wajifungue. Vijana hasa! Hata hivyo walifariki asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia. Tena kati ya 239 waliofariki, 225 walikata roho siku ya upasuaji ikiwa imeshapita. Kisu kilikuwa kimemaliza kazi yake; kilichokosekana ni jicho la kumwangalia mgonjwa usiku, la kuona homa inapanda au damu inavuja.

Jicho hilo hukosekana hata baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na hapo ndipo jinsia inapouma kwa namna ambayo daktari haandiki kwenye faili. Mume akitoka hospitali, mke humpikia uji na kumwogesha. Mke akitoka, mara nyingi siku ya tatu yuko jikoni, na wageni waliokuja kumpa pole wanangoja chai aliyoipika yeye. Naye mzee aliyeshuka kituo cha matatu cha Tea Room kutoka Embu kuja kliniki hupanda ngazi za lojingi akishika tumbo, peke yake.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu yenye malipo, na baba wiki mbili. Ni nzuri kwa aliye na mwajiri. Mchuuzi wa barabara ya Luthuli na mvuta mkokoteni hawana.

Fomu za hospitali huuliza umri na jinsia. Wauguzi, kabla hamjamruhusu mgonjwa, muulizeni pia nani atamchotea maji. Akinyamaza, msimtoe bado. Mwiteni ndugu yake kwanza.