Filtri ya mazutu: tuache kupuliza na kurudisha

Yeyote aliyesafiri kwa kamyo kati ya Beni na Komanda amekwisha kusikia maneno haya: "Mazutu haipandi." Injini inakohoa, gari linaishiwa nguvu katikati ya mlima, dereva analivuta pembeni na konvwayeri anaruka chini na jiwe la kuweka nyuma ya gurudumu. Kisha funguo zinatolewa chini ya kiti, na wasafiri wanaanza kuangalia saa.

Mahali pengine hiyo ni hasara ya saa mbili tu. Kwenye kipande cha Luna hadi Komanda, ambako tangu mwaka 2021 magari yamekuwa yakipita kwa msafara chini ya ulinzi wa askari, ni jambo lingine kabisa. Gari moja likizimika, ama msafara wote unasimama porini, ama gari hilo linabaki nyuma pamoja na watu wake. Tunalalamika, na tuna haki, juu ya usalama wa barabara hiyo. Lakini sehemu ya hatari tunaibeba wenyewe, ndani ya kitu cha ukubwa wa kopo la maziwa kinachofungwa kando ya injini. Wenyi magari wabadilishe filtri ya mazutu mapema, na wailipe wao, si dereva.

Kazi ya filtri ni mbili: kushika uchafu na kutenga maji. Pampu ya enjeksio na enjekteri ni vyuma vilivyokaribiana kwa nafasi ya elfu chache tu za milimeta, na kinachovilainisha ni mazutu yenyewe. Chembe ya mchanga inavikwaruza. Maji hayalainishi kitu, yanaleta kutu. Injini za zamani kama 1HZ ya Toyota Land Cruiser zinavumilia mengi, na ndiyo sababu madereva wetu wanazipenda. Injini za kisasa zinasukuma mazutu kwa nguvu inayozidi bar 1.000, na hazisamehe. Enjekteri moja ya injini hizo inaweza kugharimu bei ya filtri nyingi.

Sasa tuangalie safari ya mazutu yetu. Mafuta mengi yanayochomwa Beni na Butembo yanatoka bandari ya Mombasa, yanapita Uganda na kuingia kupitia Kasindi. Kutoka tangi la kamyo yanaingia kwenye tangi la stesheni, halafu kwenye pipa, halafu kwenye bidoni ya njano ya litre 20 ambayo mwanzoni ilikuwa ya mafuta ya kupikia, na mwishoni kwenye chupa ya muuzaji wa barabarani, wale tunaowaita Kadafi. Kila anayemimina anaongeza kitu kidogo: vumbi, kutu, matone ya mvua. Hatusemi Kadafi wafukuzwe. Katika vijiji visivyo na stesheni, ni wao wanaowezesha gari la mgonjwa kufika hospitali. Na maji hayatoki kwao tu. Gari likilala na tangi nusu huko Lubero, baridi ya usiku inageuza mvuke ulio ndani ya tangi kuwa maji. Maji ni mazito kuliko mazutu, yanashuka chini, na asubuhi ndiyo yanayovutwa kwanza.

Basi filtri inaziba. Hapo tunafika garaji, na hapo ndipo tunapojidanganya. Fundi anaifungua, anaipuliza kwa kompresa au anaiosha kwa esansi, kisha anairudisha. Gari linatembea, wote wanafurahi. Lakini karatasi ya ndani imekwisha kupasuka, na uchafu sasa unapita moja kwa moja hadi kwenye pampu. Wengine wanatoa karatasi kabisa na kubakiza kopo tupu. Gari la namna hiyo linakimbia vizuri kwa muda, halafu pampu inakufa.

Hata filtri mpya inaweza kuharibiwa siku ya kufungwa. Fundi wengi wanaijaza mazutu ya bidoni kabla ya kuifunga, ili gari liwake haraka. Mazutu hiyo ikimwagwa kwenye tundu la katikati, iko tayari upande wa kutokea: haichujwi tena, inaenda kwenye enjekteri na uchafu wake. Afadhali kuifunga tupu na kutumia pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filtri kwenye magari mengi. Inasukumwa hadi ikaze mkononi, ndipo unajua hewa imetoka. Kabla ya hapo, fundi apanguse pembeni pote, ahamishe kifaa kinachopima maji kutoka filtri ya zamani pamoja na raba mpya, apake raba ya filtri mazutu safi, kisha akaze kwa mkono bila kutumia ufunguo. Injini ikiwaka, aangalie kama kunavuja. Kazi yote haifiki hata saa moja.

Vitabu vya watengenezaji mara nyingi vinataja kilometa 20.000 hadi 40.000. Namba hizo ziliandikwa kwa ajili ya mazutu safi. Kwa barabara zetu na bidoni zetu, nusu yake ni nyingi tayari. Kati ya filtri na filtri, kuna kifungulio kidogo chini yake cha kutolea maji: kifunguliwe kila juma, na kila mara taa ya maji inapowaka. Hilo halidai hata franka moja.

Kwa nini basi halifanyiki? Kwa sababu katika magari mengi ya abiria dereva analeta pesa ya siku kila jioni, na siku ambayo gari limelala garaji inahesabiwa kuwa deni lake. Dereva huyo atapuliza filtri, hana njia nyingine. Mwenye gari anayedai pesa kamili siku ya matengenezo asishangae pampu ikikufa.

OCC ina kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia inchini. Tunaomba ukaguzi huo usiishie Kasindi, ufike hadi chini ya matangi ya stesheni, hasa majira ya mvua. Barabarani dereva anaombwa karatasi za kila namna, lakini hakuna anayemuuliza filtri yake ina umri gani. ACCO, chama cha madereva, ingeweza kuuliza hilo kabla gari halijaingia katika msafara. Jibu ni rahisi kulipata: fundi akimaliza kufunga, aandike tarehe na kilometa kwa kalamu ya rangi juu ya kopo lenyewe.