Uchovu si uvivu, tutafute chanzo chake



Wengi wetu siku hizi tunalalamika kwamba mwili hauna nguvu. Huku Ntinda, Kampala, ninakojitolea katika afya ya jamii, nayasikia hayo kwa walinzi wa usiku, wafua nguo, na wale waliotoka kambini kutafuta kibarua. Nanyi huko kambini mnayasema. Kwa maoni yangu, tuache kumwita mtu mvivu au kusema amerogwa kabla ya kujua chanzo.

Chanzo cha kwanza ni upungufu wa damu. Utafiti wa taifa wa Uganda wa 2016 ulikuta wanawake 32 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 49 wana damu pungufu. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa 53 kati ya 100. Damu hupunguzwa na malaria, minyoo ya safura, mimba za kufuatana na chakula kisicho na madini ya chuma. Dalili ni kizunguzungu, moyo kwenda mbio, na viganja kuwa vyeupe.

Cha pili ni njaa. Mwaka 2023 WFP iligawa familia za wakimbizi Uganda katika makundi matatu, na kundi moja likaondolewa kwenye mgao. Anayekula mara moja kwa siku hawezi kulima kama aliyeshiba. Huyo asilaumiwe.

Cha tatu ni kukosa usingizi na mawazo mengi. Aliyepoteza watu wake vitani anaweza kulala usiku kucha na kuamka amechoka. Huzuni ya namna hiyo nayo inatibika.

Linaloniudhi ni hili: mtu akichoka anakimbilia duka la dawa kuchomwa sindano ya vitamini au kutundikiwa dripu, au ananunua kinywaji cha nguvu. Kinywaji hicho ni sukari na kafeini. Baada ya saa chache nguvu imeisha, minyoo na malaria vipo palepale, na pesa ya maharagwe imekwenda.

Tufanye hivi:

1. Ukiwa na homa, nenda kupimwa malaria siku hiyo hiyo. Uchovu ukizidi wiki mbili, omba kupimwa damu. Ukikohoa wiki mbili, omba kupimwa kifua kikuu.

2. Kula dodo, maharagwe na mukene ukivipata. Limau au chungwa husaidia mwili kuchukua chuma. Chai huzuia, basi inywe saa moja baada ya chakula.

3. Mama mjamzito ameze vidonge vya chuma anavyopewa kliniki.

4. Watoto wapewe dawa ya minyoo katika siku za afya ya mtoto, mwezi wa Aprili na Oktoba. Tutumie choo, na tuvae viatu.

Mtaniambia foleni ni ndefu na dawa huisha. Ni kweli. Lakini ukishapimwa, unajua unatafuta dawa gani, na hutapoteza shilingi zako kwa kubahatisha.

Nanyi akina baba, mke akisema amechoka, msimkemee. Mtazameni viganja vyake, mumshikie mtoto, na mumwache aende kituo cha afya kesho asubuhi.