Emoji 400, Wodini Watu Wawili!

Kuna dada mmoja wa Tunduma, muuza vitenge, akiposti tu laiki zinapangana kama malori kwenye foleni ya boda. Juzi mama yake kalazwa Vwawa, akaandika "niombeeni". Emoji za mikono 400! Waliofika wodini? Wawili, na mmoja alifuata hela yake ya kikoba.

Jamani mashosti, Tunduma hadi Vwawa si Hiace moja tu? Ila na yeye kazidi. Tangu 2021 Instagram inaruhusu mtu kuficha idadi ya laiki, yeye hataki, na shosti asipomlaiki ananuniwa wiki nzima. Urafiki gani huo wa kutozana ushuru?

Na yule wa pili wodini? Jirani mwenye kitochi, kabeba chupa ya uji. Insta yenyewe haijui.